Majani Sebuleni kwa Mtu wa Tumbaku

Presha ni ugonjwa wa ajabu kwa sababu hauumi. Mguu ukivunjika unauona. Malaria ikikushika unatetemeka mpaka kitanda kinalia na jirani anasikia. Lakini presha unaambiwa tu na mtu aliyekufunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akatazama mshale, akatikisa kichwa; nawe umekwenda pale kwa miguu yako mwenyewe, tena mbio. Mimi niliambiwa miaka ile ya ruksa, muda si mrefu baada ya ghala letu kufungwa. Daktari akasema, "Mzee, hii iko juu sana. Usipopumzika utaanguka njiani siku moja, na ukiinuka utainuka upande mmoja." Nikamwuliza, kupumzika kunafanywaje? Akadhani namtania, akaniandikia vidonge.

Sikuwa namtania. Mimi ni mtu wa Lusewa, nimezaliwa kwenye tumbaku, na kwetu hakuna mtoto aliyefundishwa kukaa. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama unga. Unaimwaga kitaluni, unaifunika kwa nyasi, unaimwagilia asubuhi na jioni, asubuhi na jioni, na ukisahau mara mbili umeua shamba zima. Miche ikikua unaihamisha. Ikishika shambani unaokota wadudu kwa vidole. Halafu ua likichomoza juu unalivunja pale pale kwa ukucha, hungoji kesho, maana ukiliacha, nguvu yote ya mmea inapanda kwenye ua na majani yanabaki mepesi kama karatasi. Ukishavunja, pembeni yanatoka machipukizi, nayo unang'oa. Halafu unachuma, unatunga, unapandisha kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia, unawasha moto wa moshi, na huo moto usiwake sana wala usizime. Ukimaliza yote hayo mwaka umekwisha, unaanza tena. Shule nilifika darasa la nne, na la nne lenyewe niliacha katikati kwa sababu msimu wa kupandikiza ulifika na baba alikuwa na mikono miwili tu. Kwa hiyo mtakaoona makosa humu mkumbuke na hilo.

Nilipokuwa kijana nikaja Songea mjini, nikaingia kwenye ghala moja la tumbaku, silitaji la nani. Nilianza kwa kushindilia tumbaku kwenye marobota, kisha kazi yangu ikawa kupanga madaraja. Unashika jani, unalivuta kidogo kati ya vidole, unalinusa, unajua: hili la kwanza, hili la tatu, hili la kutupa. Nilifanya hivyo mpaka mvi. Mikono yangu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na haikutoka hata siku ya harusi yangu; mke wangu alinivisha pete akasema kimya kimya mbele ya padri, "Hukunawa?"

Sasa ikaja ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wakaanza kwenda vijijini na malori yao, wakulima wakauza wanakotaka, na ghala letu likaanza kupungukiwa marobota, mwaka huu nusu, mwaka wa pili robo. Asubuhi moja tukaambiwa twende nyumbani tusubiri. Tukasubiri. Wapo wenzangu ambao wamekufa wakiwa bado wanasubiri.

Mimi kusubiri nilikuwa sijui. Nikawa natembea. Natoka Mjimwema, mtaani kwetu, asubuhi kama ninayewahi kazini, nakwenda mjini, nazunguka soko, nakwenda stendi, nasimama kutazama magari yanavyopakia, hili la Njombe, lile la Mbinga, lori la Tunduru, nayahesabu magunia ya watu nisiowajua, narudi nyumbani, nakunywa maji nikiwa nimesimama, natoka tena. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ghafla. Zamani sabuni ilikuwa inatafutwa kama mwizi, sasa iko ya kila rangi. Na maua ya plastiki! Hayo ndiyo yalinishangaza. Kila sebule ya mtu aliyejiweza kidogo ilikuwa na kitambaa cha kufuma juu ya meza, na juu ya kitambaa chupa, na ndani ya chupa waridi la plastiki lisilonyauka mpaka Kiyama. Nilikuwa nasimama dukani nayatazama, mtu wa duka ananiuliza, "Nikufungie, mzee?" nami naondoka. Jioni nikikaa, mguu wangu wa kulia unatikisika wenyewe. Mke wangu anaweka mkono juu ya goti langu, unatulia, akiondoa mkono unaanza tena. Moyo nao unapiga mpaka masikioni. Nilikuwa nasikia ngoma ambayo haiko popote.

Hapo ndipo alipokuja mwenzangu mmoja, tuliyekuwa tunashindilia naye marobota. Mtu wa maneno mengi, mwembamba, anacheka kabla hajamaliza kusema. Akaniambia habari za mawe ya thamani ya Tunduru.

"Watu wanaokota kama karanga," akasema. "Ya bluu, ya kijani, ya pinki. Kuna mtu wa Mbinga alikwenda na ndala, karudi na pikipiki."

"Wewe umemwona?"

"Pikipiki nimeiona."

Nikajua nitakwenda. Sikuwa na hamu sana na mawe, niseme ukweli. Nilikuwa na hamu ya kwenda. Tukapanga twende kabla mvua hazijaanza, maana njia ya Tunduru ikinyesha malori yanalala kwenye tope hata wiki.

Mke wangu alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba ya masista. Yeye akinyamaza ujue anafikiri, akisema ujue keshamaliza. Nilipomwambia habari ya Tunduru alisema mara moja tu. "Kaka yangu alikufa kwa presha amesimama, ana jembe mkononi. Wewe daktari amekwambia. Sitaki kwenda Tunduru kukuleta juu ya magunia ya korosho." Akaendelea kuchambua maharage. Nami nikatoka kwenda stendi.

Basi, Julai ile, baridi ya Songea mnaijua, sista mmoja mzee wa Ulaya akawa anarudi kwao moja kwa moja. Alikuwa na maua yake ndani, kwenye madirisha, na akayagawa kwa watu. Mke wangu akarudi na makopo matatu, moja kichwani na mawili mikononi, yale makopo makubwa ya mafuta ya kupikia. Akayaweka sebuleni. Moja lilikuwa na majani magumu yaliyosimama kama mikuki. La pili mmea wa kutambaa, majani ya mistari, unaning'inia. La tatu lilikuwa na kitu kama kitunguu kikubwa nusu ndani ya udongo nusu nje, na majani marefu mawili matatu yamelala kama mikanda.

"Nje kumejaa?" nikamwuliza.

"Haya ni ya ndani."

"Majani yanakaa ndani?"

"Kwa sista yalikaa ndani miaka yote. Mimi nakwenda kazini, wewe unashinda nyumbani. Ni ya kwako haya." Akanipa masharti kama anayenikabidhi mtoto mchanga. Maji nisitie mpaka nichomeke kidole kwenye udongo nikute pakavu. Majani niyafute vumbi kwa kitambaa chenye maji, polepole, moja moja, kila siku. Dirisha nifungue yapate mwanga. "Na zaidi ya hapo," akasema, "uyaache."

Niliona ni dharau. Mtu niliyepanga daraja tumbaku ya wilaya nzima, napewa makopo matatu ya sista.

Jirani yetu naye hakuchelewa. Alikuwa mjane wa Kiyao, mwenyeji wa Tunduru, anauza korosho za kukaanga, mdomo wake hauna mlango. Akaingia bila hodi, akashika kiuno.

"Subhanallah! Shemeji, kitalu kimehamia sebuleni?"

"Muulize dada yako."

"Watu wananunua ya plastiki, hayali, hayanywi, hayaiti mbu. Nyie mnafuga majani ndani kama mbuzi! Usiku yatawavuta pumzi hayo, mtaamka mmekauka." Akacheka mwenyewe mpaka kanga ikaanguka. Kisha akaligusa lile jani la mistari, akalishika muda, akaniuliza kwa sauti ya chini kama linachipua likikatwa. Wiki haikupita nikaona kipande kwake, ndani ya kikombe kilichovunjika mkono.

Nikaanza kazi. Na nilianza vibaya, kwa sababu nilifanya ninachokijua. Kidole sikuchomeka. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Niliyahamisha, leo dirishani, kesho mlangoni, keshokutwa karibu na meza, niyaone yanapendelea wapi. Nilikuwa nainuka kwenye kiti mara kumi kuyatazama kama yamekua. Ile mikuki, ikiwa na ukavu wake wote, ikaanza kulainika chini, siku moja nikaivuta ikatoka mkononi, inanuka kama kinu kisichooshwa. Mke wangu akaitazama ile maiti. "Umeizamisha," akasema. Akaenda akarudi na kipande kingine cha mikuki ile ile kutoka kwa masista wenzake na yule mzee, akakipanda, akaliweka kopo mahali pake pale pale. Akanishika kidole hiki cha shahada, akakichomeka kwenye udongo mpaka fundo la kwanza. "Pakavu?"

"Pabichi."

"Basi kaa."

Nikakaa. Nawaambia ilikuwa kazi ngumu kuliko kushindilia marobota.

Lakini kufuta majani nikakupenda, na hapa ndipo ninapotaka msome vizuri, maana watu huniuliza mpaka leo kama majani ya ndani yanatibu kitu. Mimi sijui kama yanasafisha hewa. Wapo wanaosema, wapo wanaocheka. Ninachokijua ni mambo yaliyonipata. Agosti na Septemba vumbi jekundu la barabarani linaingia mpaka kwenye chumvi. Nilikuwa nalowesha kitambaa, nakikamua, naweka mkono wa kushoto chini ya jani, wa kulia juu, navuta kutoka shinani mpaka nchani. Vidole vyangu vilikuwa vimekosa jani tangu ghala lifungwe. Mimi sikujua kama vidole vinaweza kukosa kitu. Nilipoanza kuvuta lile jani la mkanda, laini, zito, nikajikuta nalipanga daraja kichwani, la kwanza hili, bila shaka, na mguu wangu ukawa umetulia bila mtu kuushika. Nikimaliza la mwisho nasinzia kwenye kiti saa nne ya asubuhi kama mtu aliyelima. Ngoma ya masikioni ilikuwa inapungua wakati ule. Baadaye inarudi, sisemi haikurudi, lakini nilikuwa nimeijua njia ya kuizima kwa muda.

Jambo la pili ni kitambaa. Kila siku kilitoka na wekundu wa vumbi, sawa. Lakini upande wa kiti changu, majani ya ule mmea wa kutambaa yalikuwa yanatoa kitu kingine, kahawia, kinanata, ukikisugua kinavutika. Nilikijua kabla sijakinusa. Ni ile rangi ya mikono yangu. Nilikuwa navuta msokoto wa tumbaku yangu ya Lusewa pale pale kwenye kiti, milango imefungwa kwa baridi, tangu mwaka nisioukumbuka. Nikakitazama kitambaa, nikajiuliza: jani nalifuta kila siku, kifua changu anakifuta nani? Sikuacha siku ile. Siwezi kuwadanganya. Kwanza nikahamia barazani. Barazani Songea ya asubuhi ni baridi, msokoto mmoja unakutosha unarudi ndani. Kutoka mingi nikafika mitatu, kutoka mitatu nikafika mmoja wa baada ya chakula. Kikohozi changu cha alfajiri, ambacho jirani alikuwa anakitumia kama saa ya kuamka, kikapungua mpaka akaja kulalamika. "Shemeji, nimechelewa sokoni kwa ajili yako!"

Na madirisha. Nyumba yetu ilikuwa ya madirisha ya mbao, yamefungwa mwaka mzima, sisi watu wa tumbaku tunaona nyumba ni bani, upepo ukiingia mali imeharibika. Kwa ajili ya majani nikawa nafungua. Mwanga ukaingia, nikaona utando wa buibui wa siku nyingi, nikautoa, nikaona ukuta umepasuka, nikauziba. Kazi zikapatikana humu humu ndani. Safari zangu za stendi zikawa mbili kwa wiki, ingawa moyoni stendi haikutoka. Mwenzangu alikuwa anapita kila baada ya siku chache. "Lori la Jumatatu ya kwanza ya Novemba," akasema. "Dereva namjua. Tunakaa mbele." Nikamwambia haya. Mke wangu alikuwa anasikia kutoka uani, na sauti ya kinu ikakatika kidogo, ikaendelea.

Sasa nije kwenye Jumamosi. Yaani tunasafiri Jumatatu, na hii ni Jumamosi ya kabla yake. Mke wangu kaenda kazini nusu siku. Mimi nimeamka na miguu ya safari, nimeshafunga begi nikalifungua nikalifunga tena, nimetafuta kamba, nimekosa kamba, nimezunguka nyumba. Joto la kabla ya mvua, mawingu yamekaa tu hayatoi kitu. Nikaingia sebuleni nifute majani nitulie. Kwenye lile kopo la kitunguu, katikati ya majani, kulikuwa kumepanda fimbo ya kijani, nene kama kidole gumba, imefika juu ya goti. Siku mbili tatu nilikuwa nimeiona nikadhani ni jani jipya. Sasa nchani ilikuwa imevimba, imechongoka, na pale penye ufa mdogo unaona wekundu.

Ukucha wangu ulifanya kazi yenyewe. Kabla sijafikiri nilisikia kile kichwa chenye maji kikivunjika. Nikakitupa dirishani kwa kuku. Tena niliridhika! Nikasema moyoni, haya, sasa majani yatakuwa mazito, mke wangu akirudi ataona nimefanya kazi. Nikafuta vizuri yote, nikakaa, nikalala kitini.

Aliponiamsha alikuwa bado na kanga yake ya kazi. Alisimama mbele ya kopo.

"Liko wapi?"

"Nini?"

"Ua. Asubuhi lilikuwepo. Liko wapi?"

"Nimelivunja. Lilikuwa limeanza kutoa, majani yange..." Nikaona uso wake.

Alikaa chini, sakafuni, siyo kwenye kiti. Mke wangu sikuwahi kumwona amekaa vile ila msibani. Akasema polepole, "Sista aliniambia linatoka mara moja kwa mwaka, mvua zikikaribia. Jekundu, kubwa kama sahani, linafunguka siku mbili tatu na ukilitazama huwezi kuondoka. Nimelihesabia siku tangu Julai. Nimemwomba Mungu lifunguke kabla ya Jumatatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimeweka ua likuzuie? Ungecheka na huyo mwenzako mpaka Tunduru." Akajifuta uso kwa pindo. "Sikuwa na kitu kingine cha kukuzuia nacho. Maneno nilishayamaliza."

Nikamwambia ni mazoea, kwamba kwetu ua la mmea linavunjwa, yeye mwenyewe binti wa wakulima anajua. Akasema ndiyo, anajua. "Umelivunja kwa kuwa hukuweza kuliacha," akasema. "Basi nenda. Kama hukuweza kuacha ua kwenye kopo, mimi ni nani." Akainuka, akabeba makopo moja moja, akayatoa, akayapanga nje chini ya upenu, upande wa kuku.

Jumapili tulikwenda kanisani tumekaa mbalimbali, yeye upande wa wanawake kama kawaida, lakini mnajua umbali ninaousema. Mchana jirani akaja. Safari hii hakucheka. Alikuwa ameshaambiwa.

"Shemeji, mimi nimezaliwa kule unakokwenda. Maji ya kunywa yanauzwa. Watu wanalala chini ya turubai, shimo likianguka linaanguka na watu wake. Wazima wanarudi wamekonda. Wewe unakwenda na moyo huo?"

"Moyo wangu hauna neno."

"Nani kakuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Na sebule ile bila yale majani, sijui nieleze vipi, ilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Nilikaa nikainuka. Nilikaa nikainuka. Mguu ulitikisika mpaka kikombe mezani kikalia.

Jumatatu asubuhi mapema nikachukua begi langu nikapitia kwanza hospitali, kupima, kwa ajili ya kumfunga jirani mdomo, au wangu. Nesi alikuwa binti mdogo. "Shikamoo, baba." "Marahaba." Akanifunga mpira. Akajaza, akaachia. Akafungua cheti changu cha zamani, akatazama, akajaza tena.

"Baba, umekuwa unatumia dawa gani?"

"Zile zenu."

"Zile zetu ziliisha mwezi wa nane, hata sisi hatuna. Umebadilisha nini? Chumvi?"

"Nafuta majani."

"Majani gani? Ya kunywa?"

"Ya kutazama." Akacheka, akadhani ni utani wa wazee. Lakini aliandika kwenye cheti, akanisomea: imeshuka. Haijawa ya kijana, lakini imeshuka. Nikamwuliza, je, mtu kama mimi anaweza kwenda safari, Tunduru kwa mfano, kuchimba. Akafikiri. "Safari unaweza, baba, ukienda polepole. Kuchimba mimi siwezi kukuzuia."

Nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Tangu Juni sababu ya kutokwenda ilikuwa ugonjwa. Sasa ugonjwa ulikuwa umesogea pembeni, njia wazi, na hakuna mtu duniani aliyekuwa ananizuia, daktari hazuii, nesi hazuii, mke kasema nenda. Nikashuka kwenda stendi. Moyo ukaanza ile ngoma yake kabla sijafika sokoni. Nikasimama nikaweka begi chini. Nikawa najipima mwenyewe bila mpira: nikifikiria mashimo, unapiga. Nikifikiria pikipiki ya mtu wa Mbinga, unapiga. Nikifikiria kiti changu asubuhi na kitambaa kimekamuliwa, unashuka. Nilifanya hivyo mara mbili tatu pale njiani kama mwendawazimu, watu wakinipita.

Lori lilikuwa limeshawashwa. Mwenzangu yuko mbele, kichwa dirishani, meno yote nje.

"Panda, panda! Tumekuwekea nafasi!"

"Siendi."

"Nini?"

"Siendi, nimesema. Nina kazi nyumbani."

"Kazi gani? Tangu lini una kazi?" Dereva akapiga honi. Mwenzangu akaelewa, akagonga mlango kwa kofi. "Ni yale majani! Jamani, mzee wetu anabaki kulea maua! Nikuletee la pinki la Tunduru upande sebuleni?"

Watu wote juu ya magunia wakacheka. Mimi nami nikacheka, huku nimeshika begi kwa mikono miwili, maana miguu yangu, nasema kweli, ilikuwa inalifuata lile lori. Lilipoanza kutembea nilikwenda nalo hatua kadhaa pembeni kama mtu anayesindikiza. Likachukua kasi. Likaondoka. Nikabaki na vumbi, nikiwa na hasira na mke wangu, na lori, na yule sista huko Ulaya. Nilirudi Mjimwema kwa njia ndefu. Sikwenda kwa furaha, msidhani.

Mke wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Kuku walikuwa wamechakura udongo wa kopo moja. Nikaokota udongo nikaurudisha, nikabeba makopo ndani, nikachomeka kidole: pabichi la kwanza, pabichi la pili, la kitunguu pakavu. Nikatia maji kikombe kimoja. Ile fimbo ya kijani ilikuwa imesimama haina kichwa, nchani imekauka kahawia. Nilitaka kuikata ipendeze. Mkono ulikwenda ukafika. Nikaurudisha, nikatoka barazani nikazunguka nyumba, nikarudi, nikaitazama ile fimbo tena, nikatoka tena. Ndivyo nilivyoshinda. Mvua ikaanza saa nane, ile ya kwanza, ya matone makubwa.

Alirudi amelowa. Alisimama mlangoni, akaniona, akaona begi pembeni, akaona makopo. Nikadhani atasema jambo, nilikuwa nimeshajiandalia majibu matatu.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Na mimi bado. Nimechoka. Kasonge ugali."

Mimi kusonga ugali! Mwanaume wa Lusewa, mjukuu tayari ninaye. Nilimtazama kuona kama anatania, naye alikuwa ameshavua viatu, amekaa kwenye kiti changu, amefumba macho, miguu ameinyoosha kuelekea yale makopo. Nikasema unga uko wapi. Akasema unapouona kila siku.

Nikaenda jikoni. Maji yalichelewa kuchemka, nikayafunua, nikayafunika, nikayafunua. Unga nikautia wote kwa mara moja. Jirani alisikia mwiko ukigonga sufuria akaja mpaka mlango wa uani, kanga kichwani kwa ajili ya mvua, akaniona, akafunga mdomo kwa mkono, akarudi kwake bila kusema neno, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada. Nilisonga mpaka jasho. Ulikuwa na mabuja, madonge ya unga mkavu ndani, makubwa kama ngumi. Tuliula kwa maharage ya jana, na kila alipopata buja alilitoa, akaliweka pembeni mwa sahani yangu.